Unga wa Mwiri

Gulled Ismael hakuamini petroli ya mtu. Ukimpelekea msumeno wako wa injini, ile mashine ambayo Marani nzima huiita pawa, hakuanza kwa kukuuliza imekataa kuwaka tangu lini. Alifungua tangi, akainamisha pua, akavuta harufu kama anayechunguza mchuzi wa jirani. Kisha alikugeukia wewe, akakutazama machoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Hii umenunua wapi?"

"Stesheni, mzee."

"Stesheni gani hiyo inauza petroli iko na harufu ya mafuta ya taa?"

Ungejitetea, ungeapa kwa jina la mama yako, lakini yeye alikuwa ameshachomoa plagi na kuigeuzageuza juani. Plagi, alisema, haijui kuongopa. Ikiwa na rangi ya biskuti, mwenyewe anachanganya oili na petroli sawasawa. Ikiwa nyeusi na mbichi, anamimina oili kwa kukisia. Ikiwa nyeupe, anaibania oili, na injini inaungua kimyakimya huku yeye akijiona mjanja. Hivyo ndivyo alivyowajua watu wa upande ule, mmoja mmoja, kwa plagi zao: huyu bahili, yule mvivu, yule wa tatu mwongo wa kuzaliwa.

Babu yake alifika Kisii na biashara ya ng'ombe, akaoa, akabaki. Gulled mwenyewe alizaliwa mjini, nyuma ya msikiti, akajifunza ufundi kwenye karakana ya Mhindi mmoja, kisha akapanda Marani kufungua kibanda chake cha mabati karibu na soko. Miaka ishirini na miwili alikuwa hapo akitengeneza pawa, mashine za kukatia nyasi, za kupogolea ua, na siku hizi hata zile za kuchumia majani chai ambazo wanawake wa vibarua wanazichukia. Ekegusii, lugha ya wenyeji, alikisema vizuri kuliko vijana wengi wa pale. Hata hivyo, watu wakicheka upande wa pili wa barabara, mkono wake ulisimama juu ya spana mpaka ajue wanamcheka nani.

Mwanzoni hakuwa hivyo. Mwaka wake wa pili pale, mtu alimwachia mashine kuukuu, akarudi na mashahidi wawili kudai kwamba aliacha mpya. Gulled aliilipa mashine ambayo hakuwahi kuiona. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria yake mwenyewe, na sijapata kusikia fundi mwingine mwenye sheria kama hiyo. Kila pawa iliyoingia kibandani, alilegeza nati mbili za ubavuni, akaondoa kile kifuniko kinachofunika klachi na shina la mnyororo, akakitia ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Pawa bila kifuniko haikati hata muwa. Mwizi akiiba, ameiba uzito. Mwenyewe akija na hila, hatoki nayo mpaka Gulled afungue sanduku. Mafundi wa mjini walimcheka. Yeye alisema acha wacheke, watalia siku yao.

"Wewe hata kivuli chako unakihesabu kama kimerudi," mkewe Hodan alimwambia.

"Kivuli hakina funguo za kibanda," alijibu.

Mtu mmoja tu alikuwa nje ya shaka zote hizo, naye ni Onsongo. Onsongo alikuwa mkata miti, mtu mrefu, mpole, mwimbaji wa sauti nene katika kwaya ya Wasabato. Alikuwa mteja wake wa kwanza kabisa pale Marani. Gulled alipolazwa kwa homa ya mapafu, Onsongo ndiye aliyelala na funguo za kibanda wiki tatu, na haikupotea hata skrubu. Kazi ikipungua, alikaa kwenye kigoda kando ya meza, wakinywa chai, na kila mteja akitoka, Gulled alimwambia Onsongo ubaya wa yule mteja. Onsongo alicheka kidogo na kutikisa kichwa. Petroli ya Onsongo haikunuswa. Kifuniko chake kiliingia sandukuni kama vya wengine, lakini hayo yalikuwa mazoea ya mkono tu, si shaka.

Basi, Agosti iliyopita, Jumatatu asubuhi, Onsongo alileta pawa yake. Kamba ya kuwashia ilikuwa inakwama. Hakukaa; alisema ana haraka, mikono ikiwa mifukoni. Hajafika mbali, akaingia Duncan, kijana wa miaka thelathini na kitu kutoka kilima cha pili, na pawa ya aina ileile, umri uleule, mnyororo wake umekatika. Gulled alivitoa vifuniko viwili papo hapo, vyote vikiwa vimegandamana oili na vumbi, akavitupa sandukuni. Kwa kawaida vifuniko vya mashine zinazofanana alivifunga waya wenye kitambaa asije akavichanganya. Siku hiyo hakuvifunga. Viwili tu, alisema moyoni, nani atasahau viwili?

Jumanne akaja Edinah.

Edinah alikuwa mjane wa makamo, nyumba yake iko kilimani mwa kina Duncan. Alisimama mlangoni mwa kibanda, hakutaka kigoda, hakutaka chai.

"Baba Nasteho," alimwita kwa jina la mtoto wake, "wamekata mwiri wangu."

Gulled aliujua mti huo. Kila mtu aliujua. Ulikuwa umesimama kichwani mwa kaburi la mumewe, mnene kiasi kwamba watu wawili wakiukumbatia vidole havikutani, na wazee wenye shida ya mkojo walikuja kwa adabu kuomba kipande cha ganda. Mume alimwambia Edinah kabla ya kufa kwamba mti huo usiguswe, naye aliwakatalia wanunuzi wa mbao miaka tisa.

"Lini?"

"Sabato. Tulikuwa makambi, sisi wote."

Hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wiki ya makambi, Wasabato hukusanyika hemani kutoka vijiji vyote, na siku ya Sabato yenyewe hakuna mtu anayebaki nyumbani ila mbwa. Vipaza sauti huimba bonde zima. Ukitaka kuwasha pawa mchana kweupe bila kusikiwa, hakuna siku nyingine katika mwaka.

"Kila pawa ya huku inapita kwa mkono wako," Edinah alisema. "Mimi sina macho. Macho ni yako. Niambie ni nani, tata, baba yangu, hata kama ni mtu mkubwa."

Alipoondoka, Gulled alijiona ameota urefu. Ukweli usemwe: alifurahi. Miaka ishirini na miwili watu walikuwa wakimwita mshuku, mchungulia matangi, na sasa mjane wa watu amekuja kuomba shaka yake kama dawa. Siku nzima aliwapanga wakata miti kichwani, mmoja baada ya mwingine, akiwapima. Duncan alimpima pia. Onsongo hakumpima.

Jumatano alifungua sanduku, akachukua kifuniko cha Onsongo, au kile ambacho mkono wake ulimwambia ni cha Onsongo, akaketi kukikwangua kwa bisibisi. Vumbi la mkaratusi, ambalo Onsongo alilikata kila siku, ni jeupe, na linanuka dawa ya mafua. Hili lililodondoka juu ya gazeti lilikuwa la rangi ya damu iliyokauka. Alilinusa. Lilikuwa na ule uchungu wa kokwa la tunda, uchungu ambao hakuna mti mwingine wa kilimani ulio nao.

Bisibisi ilisimama mkononi. Aliuona moyo wake ukishuka, halafu, kwa haraka iliyomshangaza hata yeye, ukapanda tena na hasira. Kumbe haraka ile ya Jumatatu. Kumbe kutokaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii alikuwa ameivaa miaka ishirini na miwili bila kuigeuza ndani nje!

Alikunja unga ule ndani ya karatasi, akautia mfuko wa shati.

Angeweza kumuuliza. Lakini mtu mwenye shaka haulizi, anatega. Onsongo alipopita siku ile kuulizia mashine, Gulled alimpa mgongo akijifanya anatafuta spana.

"Makambi yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana."

"Ulikuwa huko Sabato yote?"

"Ee. Mpaka jioni. Nitakuwa wapi kwingine?"

Gulled alikuwa ameshaongea na Marion, mwanakwaya mwenzake Onsongo anayeuza nyanya mbele ya kibanda. Marion alikuwa amesema, bila kujua anachoulizwa, kwamba Sabato kwaya iliimba vibaya, maana sauti nene iliondoka saa sita na haikurudi.

"Mashine bado," Gulled alisema. "Rudi wiki ijayo."

Hodan alipoisikia habari hiyo aliweka sufuria chini. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza, ameongopa."

"Umemtega. Kuuliza ni kitu kingine. Yule mtu alikaa na funguo zetu ukiwa huwezi hata kugeuka kitandani. Dhana mbaya ni dhambi, Gulled."

"Na unga huu ni dhana?" Akaipigapiga karatasi mfukoni.

Kikao kilikaa Alhamisi alasiri uwanjani kwa Edinah, mbele ya mzee wa mtaa. Kisiki kilikuwa pale kichwani mwa kaburi, chekundu, bado kinatoa maji, na matawi yalikuwa yameangukia saruji ya kaburi na kuipasua. Magogo yalikuwa yamekwisha kubebwa. Onsongo alikaa kwenye nyasi pamoja na wakata miti wengine waliokuwa wameitwa. Duncan alikuwepo pia, kama mtu wa ukoo, maana marehemu alikuwa ndugu ya baba yake.

Gulled alikunjua karatasi, akaiweka juu ya kiti mbele ya mzee wa mtaa, akaeleza alikoutoa unga. Alieleza vizuri. Fundi akieleza, watu wanaamini. Ana majina ya vitu.

Macho yote yakamwendea Onsongo.

"Mimi sikukata," Onsongo alisema.

"Sabato ulikuwa wapi kuanzia saa sita?" mzee wa mtaa alimuuliza.

Onsongo alimtazama Gulled mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayeangalia saa. Kisha akainama.

"Ananyamaza nini?" Duncan alipaza sauti. "Amekata mti wa baba yetu mkubwa, juu ya kaburi! Huyu hata kwaya afukuzwe!"

Hakuna aliyempiga Onsongo, na hakuna aliyemtukana zaidi ya hapo. Mzee wa mtaa alisema tu kwamba mpaka Onsongo aseme alikokuwa, asiitwe kukata mti katika shamba la mtu yeyote wa eneo lile. Kanisani nako walimwomba apumzike kwaya kwanza. Kwa mtu anayeishi kwa pawa na kuimba, sijui kilichobaki ni nini. Edinah alimshika Gulled mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia Mungu, Nyasae wao, ambariki. Gulled alirudi kibandani, na chai yake siku ile ilimshinda kumeza.

Jumatatu Duncan alikuja kuchukua pawa yake. Mnyororo mpya ulikuwa tayari. Gulled alimwambia asubiri, akafungua sanduku, akatoa kifuniko kilichobaki, akaanza kukikwangua. Vumbi lililodondoka lilikuwa jeupe, la mkaratusi. Hilo halikumshtua, watu wote hukata mkaratusi. Kilichomshtua ni ripiti mbili za alumini, vile vijimisumari vya kubania ufa, zilizotokea chini ya uchafu, moja imekaa kombo.

Ripiti ile ya kombo aliipiga yeye mwenyewe, mwaka juzi. Kifuniko cha Onsongo kilipasuka kwa kuangukiwa na tawi, na Gulled aliziba ufa akiwa anacheka hadithi ya Onsongo, nyundo ikateleza.

Alikaa na kifuniko kile magotini. Siku zote hizo alikuwa ameangalia unga, hakukiangalia kifuniko. Kile chenye unga mwekundu hakikuwa cha Onsongo. Kilitoka kwenye mashine ya huyu aliyesimama mlangoni akichezea simu yake. Mtu ambaye hakuamini petroli, stesheni, mashahidi wala kivuli, alikuwa amejiamini yeye mwenyewe kupita kiasi, vifuniko viwili tu, akakosea.

"Mzee, bado?" Duncan aliuliza.

"Bado. Rudi kesho."

Duncan akaondoka akipiga mluzi.

Saa nzima Gulled hakufanya kazi. Hakuna mtu aliyejua. Angevikalisha vifuniko mahali pake, akafuta ripiti kwa msasa, na dunia ingeendelea. Akisema, nani atamletea mashine tena fundi anayechanganya vitu vya watu na kuvipeleka kwenye kikao kama ushahidi? Alichukua msasa kweli. Aliushika mpaka ukaloa jasho, kisha akaurudisha kwenye kopo, akavifunga vifuniko vyote viwili kwenye kitambaa na kupanda kilima.

Mbele ya mzee wa mtaa na Edinah alisema yote, hakujiokolea neno. Walipofika kwa Duncan walikuta mbao nyekundu zimepangwa nyuma ya zizi chini ya majani ya migomba, na Duncan akaacha kupaza sauti. Mengine yalikwenda yanakokwenda mambo ya ukoo, kwenye vikao virefu, na Gulled hakuitwa. Edinah hakumshika mkono tena. Alisema tu, "Basi mimi nimelaani mtu bure, tata," akaingia ndani.

Onsongo alikuja Ijumaa kuchukua pawa. Gulled alikuwa ameiosha, ameifungia kifuniko chake, amenoa mnyororo jino kwa jino. Hodan alileta chai mwenyewe, akawaachia.

"Nimekosa, ndugu yangu," Gulled alisema. "Nimekutia doa mbele ya watu. Nimelisafisha mbele ya haohao watu, lakini najua doa haliondoki lote. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Onsongo alisema, upesi, kama mtu aliyekuwa nalo tayari.

Alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili, vidole vimenyooka. Chai ilimwagika hata hivyo. Hapo ndipo Gulled alipoitazama mikono ile. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, kama za mtu aliyezitumbukiza kwenye barafu. Alikuwa ameuona ugonjwa huo kwa wakata miti wawili wa Nyamira: mtetemo wa pawa unaua vidole pole pole, mpaka mtu hahisi kama ameshika mpini au ameshika hewa.

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Sabato nilitoka makambi nikaenda Birongo, kuna nesi mmoja amestaafu, anaona watu kwake nyumbani. Akaniambia niache pawa."

"Ungesema hivyo pale kwenye kikao!"

"Nani ataniita kukata mti karibu na nyumba yake akijua sihisi vidole? Nilitaka kumaliza mwaka huu."

Gulled aliweka kikombe chake chini. "Lakini mimi. Mimi ungeniambia. Watu wote hawa nawashuku, wewe tu ndiye sikukushuku."

Onsongo alicheka kidogo na kutikisa kichwa, vilevile alivyozoea.

"Baba Nasteho. Miaka ishirini na miwili nimekaa hapa kwa kigoda nikisikiza. Mtu akitoka tu, unaniambia ubaya wake. Hujawahi kuacha hata mmoja. Sasa mimi nikitoka hapa, ulikuwa unaambia nani?"

"Hapana mtu! Wallahi, Onsongo, hapana mtu."

"Sawa. Lakini mimi sikujua hiyo. Kwa hivyo kitu ya maana sijawahi kukuambia, hata moja. Hata mtoto wangu akiwa mgonjwa, sikukuambia." Aliinua pawa kwa kuipachika kwenye kiwiko, maana vidole havikumtii. "Wewe ulikuwa unaniamini. Mimi nilikuwa nangoja tu zamu yangu ifike."

Akamshukuru kwa chai, akatoka.